Eko ya Mtoto Mwenye Afya: Namba Inapokataa, Anzia Wapi

Binti wa darasa la pili alipanda kitandani na sare yake ya shule, soksi moja imeshuka, akaniuliza kama jeli inauma. Hana homa, anacheza rede kila jioni, hajawahi kuzimia. Aliletwa kwa sababu watu wa afya waliopita shuleni walisikia mlio mdogo kifuani. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu. Sikumfunga waya za ECG, zile za kufuatilia umeme wa moyo. Nikapata picha ya eko, yaani ya moyo kwa mawimbi ya sauti, nikaisimamisha, nikachagua fremu kwa macho, nikapima. Mashine ikaandika FS 23, yaani kipenyo cha ventrikali ya kushoto kinapungua kwa asilimia 23 tu kila pigo, chini ya kawaida. Mama yake alikuwa amesimama kando ameshika viatu vya mtoto, na aliuona uso wangu ukibadilika kabla sijatamka neno. "Dokta, moyo wa mwanangu una nini?"

Haukuwa na kitu. Nilikuwa nimeipima ventrikali ya kushoto, chemba inayosukuma damu mwilini, kabla haijajaa vizuri, nikapata milimita 34, kisha nikaipima tena kabla haijamaliza kusinyaa, nikapata 26. Nilipofunga waya na kurudia, ikawa 36 na 24, yaani FS 33. Ni milimita 2 tu kila upande, lakini mama yule alilia kwenye korido kwa dakika kumi ambazo hakustahili kulia.

Mwongozo huu ni wa sisi tunaoshika probu, kile kifaa cha eko kinachowekwa kifuani: matabibu, madaktari wa watoto na wataalamu wa picha waliofundishwa eko na sasa wanakutana na watoto. Watoto wenye afya hupimwa kwa sababu nyingi. Yuko mwenye mlio usio na madhara, yuko ndugu wa mgonjwa wa msuli wa moyo, yuko anayetafutiwa namba ya kuanzia kabla ya dawa za saratani zinazoweza kuumiza moyo, na wako wanafunzi wanaochunguzwa ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Kwa hawa wote, namba mbaya ikitokea, chanzo cha kwanza cha kukisiwa ni picha, cha pili ni fomu yenye uzito na urefu, na moyo wenyewe unakuja baadaye. Nimepanga kwa dalili, kama zinavyojitokeza kwenye mashine.

Mtoto hatulii, picha inaruka

Nimeiweka mbele kwa sababu matatizo mengi yanayofuata huzaliwa hapa. Mtoto anayelia mapigo yake hupanda, kifua hujaa hewa, na namba zote za siku hiyo zinakuwa za mtoto anayelia.

Chanzo kikubwa kabisa ni baridi. Jeli ya baridi, mikono ya baridi, chumba chenye feni juu ya kitanda. Weka chupa ya jeli kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza, na uijaribu kwanza juu ya kiganja chako. Mtoto mchanga mfunue kifua tu, mwili uliobaki ufunikwe kanga. Kwake baridi si kero tu: joto la mwili hushuka haraka.

Cha pili ni njaa na woga. Mtoto wa kunyonya mpe mama amlaze mapajani, umwambie tu, "Mama, mpe titi, mimi nitajipenyeza." Picha za ncha ya moyo zinapatikana vizuri mtoto akiwa ananyonya kwa ubavu wa kushoto. Wa miaka miwili hadi minne ndio wagumu kuliko wote. Hao wapimwe wakiwa wamekaa kwa mama, katuni kwenye simu, na anza na picha unayoihitaji zaidi kwa sababu hujui utapewa dakika ngapi. Wakubwa kidogo waonyeshe moyo wao kwenye kioo. Mtoto akishajua kile kinachorukaruka ni chake, hutulia mwenyewe.

Ikishindikana, mrudishe kesho. Dawa ya usingizi kwa ajili ya kupima moyo wa mtoto asiye na ugonjwa ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Hutolewa tu na mtu aliyefundishwa, mahali penye oksijeni, kipimo cha oksijeni kidoleni na vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua. Usiitoe wewe peke yako kwenye chumba cha eko. Na ukipima mtoto aliyelazwa usingizi kwa dawa, andika hivyo kwenye ripoti, maana dawa hizo hugusa mapigo, shinikizo la damu na hata nguvu ya kusinyaa.

Kama mtoto ametulia na picha bado ni ukungu, tazama probu. Mtoto mchanga anataka probu ya masafa ya juu, megahezi 8 hadi 12. Wa shule ya msingi 5 hadi 8. Kijana mwenye kifua kipana ndiye anayeweza kupimwa kwa ile ya watu wazima. Vituo vingi vina probu moja tu, ya watu wazima, na uso wake mpana haukai katikati ya mbavu za mtoto. Ukiwa na hiyo tu, punguza kina mpaka moyo ujaze kioo, bana upana wa sekta, yaani ile pembe ya picha, sogeza fokasi kwenye moyo. Kwenye ripoti sema ukweli kwamba picha ilikuwa ya wastani.

FS au EF imetoka chini kwa mtoto anayeonekana mzima

Hili ndilo linaloleta simu nyingi usiku, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kumbuka hesabu yenyewe. FS ni kipenyo cha ventrikali ya kushoto mwisho wa kutanuka, utoe kipenyo mwisho wa kusinyaa, ugawanye kwa kile cha kwanza, uzidishe kwa 100. Kwa mtoto mwenye afya hukaa kati ya 28 na 40 hivi. EF, yaani sehemu ya damu inayosukumwa nje kila pigo, huwa 55 au zaidi. Sasa chukua mtoto mchanga: milimita 18 ikinywea hadi 12, FS ni 33. Ukikosea milimita 1 kila upande, 17 na 13, inaanguka hadi 23 na nusu. Kwa mtu mzima kosa la milimita 1 halionekani, kwa mtoto mchanga linatosha kumpa ugonjwa.

Angalia kwa mpangilio huu, wa kawaida kwanza.

Wakati wa kupima. Funga waya za ECG, hata kama zinachukua dakika mbili na mtoto anazivuta. Mwisho wa kutanuka ni pale ventrikali inapokuwa kubwa kabisa, karibu na mwanzo wa wimbi la QRS, ule mwinuko mkali wa ECG. Mwisho wa kusinyaa ni pale inapokuwa ndogo kabisa, kabla tu vali ya mitrali, mlango wa kuingilia ventrikali ya kushoto, haijafunguka. Sogeza fremu moja moja mbele na nyuma. Mapigo 140 kwa dakika maana yake pigo moja linakwisha kwa sekunde 0.43, mashine ikiwa kwenye fremu 30 kwa sekunde, una fremu 13 tu kwa pigo zima, na ile ndogo kabisa inaweza kuwa haikunaswa kabisa. Bana sekta, punguza kina, zima rangi ya Dopla, ile inayoonyesha mwendo wa damu. Fremu zitaongezeka papo hapo.

Mstari wa kupimia. Ukitumia modi ya M, inayochora mwendo wa kuta kwenye mstari mmoja tu, mstari huo ukatize ventrikali kwa pembe mraba, upite katikati, chini kidogo ya ncha za vali ya mitrali. Ukienda kimshazari, kipenyo kinarefuka. Ukipita kando, kinafupika. Njia nzuri kwa watoto ni kuuelekeza mstari kutoka kwenye mkato mfupi, yaani picha inayokata moyo kwa upana, kwa sababu pale unaiona duara yote na unajua kama umepita katikati au umeegemea upande. Usipopata pembe mraba, acha modi ya M, upime kwenye picha ya kawaida.

Kingo. Watoto wana nyuzi nyingi ndani ya ventrikali. Kamba za vali ya mitrali hujifanya ukuta wa nyuma. Nyuzi za uongo zinazokatiza ventrikali ya kushoto hujifanya ukingo wa ukuta wa kati. Upande wa kulia, vijisuli vilivyolala juu ya ukuta wa kati huupa unene usio wake. Kanuni ninayoitumia: ukuta wa kweli huonekana ukinenepa wakati wa kusinyaa, na hauachi mwanga wake katikati ya pigo. Geini, yaani mwangaza wa picha, ikiwa juu sana kila kitu kinanenepa, basi ishushe mpaka damu iwe nyeusi.

Ukuta wa kati usio wa kawaida. Hapa FS yenyewe ndiyo yenye kosa. Katika siku za kwanza za maisha upande wa kulia wa moyo bado una shinikizo kubwa, na kwenye mkato mfupi utaona ventrikali ya kushoto imebonyea kama herufi D badala ya duara. FS hudhani kwamba kuta mbili zinakaribiana sawasawa. Ukuta mmoja ukiwa umebonyea au unakwenda kinyume, hesabu haina maana hata ukipima kwa uangalifu gani. Vivyo hivyo kwa mtoto ambaye umeme wa moyo wake unapita njia isiyo ya kawaida. Hapo hamia kwenye ujazo.

Kwa ujazo, njia ambayo ninaipenda kwa watoto ni ile ya risasi: eneo la ventrikali kwenye mkato mfupi, mara urefu wake kutoka vali ya mitrali hadi ncha, mara 5, gawa kwa 6. Mfano: eneo sentimita mraba 10 na urefu sentimita 6 mwisho wa kutanuka, unapata mililita 50. Mwisho wa kusinyaa eneo 5 na urefu 4.8, mililita 20. Zimetoka 30 kati ya 50, EF ni 60. Haidhani sana kuhusu umbo la duara, na mkato mfupi wa mtoto huwa mzuri kuliko picha za ncha. Ile fomula ya kukuza kipenyo hadi ujazo, ambayo mashine nyingi huifanya yenyewe mara tu unapopima modi ya M, iache. Inachukua kosa dogo la kipenyo na kulikuza. EF inayoandikwa pembeni ya kioo bila wewe kuiomba isiingie kwenye ripoti.

Umepitia yote hayo, umepima mapigo matatu na kuchukua wastani, mwenzako naye amepima bila kuiona namba yako, na EF bado iko chini ya 55? Sasa ndipo uuamini moyo. Ruka hadi sehemu ya mwisho.

EF juu mno, 75, 80

Mara nyingi ncha ya moyo imekatwa. Kwenye mwonekano wa chemba nne, probu ikikaa juu ya mahali pake, ventrikali hutoka fupi na pana, na kile unachokiona kama ncha ni ukuta wa mbele tu. Ncha ya kweli ni nyembamba na haisogei sana. Ile ya uongo inaruka kuelekea kwenye vali kila pigo. Shuka nafasi moja ya mbavu, sogea pembeni kuelekea kwapani. Linganisha urefu wa ventrikali kwenye chemba nne na chemba mbili: tofauti ikipita asilimia 10, mojawapo imekatwa.

Sababu ya pili ni kuchora mstari wa ndani ukiingiza misuli ya papilari, ile inayoshika kamba za vali, kama ukuta, hasa mwisho wa kusinyaa. Iache misuli hiyo ndani ya damu, kwenye fremu zote mbili.

Ya tatu ni mtoto mwenyewe, na sisi huku tunaikuta sana. Homa, upungufu wa damu, hofu, au ametoka kukimbia kwenye ngazi. Mtoto mwenye malaria wiki iliyopita, au mwenye selimundu, moyo wake hufanya kazi zaidi na ventrikali hutanuka. Huyo hawezi kuhesabiwa kama mtoto mwenye afya kwenye jedwali lolote. Angalia viganja na macho, pima joto, pima hemoglobini. Kipimo cha damu cha bei ndogo kinaweza kueleza kile ambacho eko ya saa nzima haikuweza.

Alama ya Z imetoka ya ajabu

Moyo wa mtoto unakua, kwa hiyo milimita peke yake haisemi kitu. Alama ya Z inasema kipimo chako kiko mbali kiasi gani na wastani wa watoto wa ukubwa huo: 0 ni katikati kabisa, na kutoka -2 hadi +2 ndipo wanapokaa takriban 95 kati ya watoto 100 wenye afya.

Alama ya Z ikiwa ya kushangaza, usiguse probu. Nenda kwenye fomu.

Uzito na urefu ndiyo sababu ya kwanza, tena kwa mbali. Mtoto wa kilo 22 na sentimita 120 ana eneo la mwili la mita mraba 0.86 kwa fomula ya Mosteller, ile ya kuzidisha urefu kwa uzito, kugawa kwa 3600 na kutafuta kipeuo cha pili. Karani akiandika 32 badala ya 22, eneo linapanda hadi 1.03, na moyo wa kawaida unaonekana mdogo. Ukibadilisha tarakimu za urefu, 102 badala ya 120, linashuka hadi 0.79, na moyo uleule unaonekana umetanuka. Nimeona uzito wa kliniki ya mwezi wa tatu ukitumika mwezi wa kumi na moja. Nimeona mzazi anaulizwa "ana kilo ngapi?" naye, kwa heshima tu ya kutokukaa kimya mbele ya daktari, anataja namba. Pima mwenyewe, mtoto bila viatu na bila sweta, mizani umeianzisha kwenye sifuri, siku hiyohiyo.

Sababu ya pili ni jedwali. Majedwali hayafanani. Lile la mtandao wa watafiti wa moyo wa watoto wa Amerika Kaskazini, lililotolewa 2017 kutoka kwa watoto 3215 wenye afya, linatumia fomula ya Haycock kwa eneo la mwili. Majedwali mengine yanatumia Du Bois au Mosteller. Kwa mtoto wetu wa kilo 22 Haycock na Mosteller zinakaribiana sana, lakini kwa mtoto mchanga tofauti kati ya fomula huonekana. Tena kuna majedwali ya modi ya M na majedwali ya picha ya kawaida. Ukipima kwa hii ukalinganisha na lile, umelinganisha embe na nazi. Chagua jedwali moja kituoni kwenu, libandike ukutani, na jina lake liandikwe kwenye kila ripoti ili mtoto akirudi baada ya mwaka alinganishwe kwa lilelile.

Sababu ya tatu ni mwili wa mtoto wenyewe. Jedwali linategemea uzito, na mtoto aliyedhoofika kwa utapiamlo au mwenye unene uliopita kiasi analichanganya. Mwembamba sana huonekana ana moyo mkubwa kwa eneo lake, na mnene huonekana ana mdogo. Watazame pia kwa urefu, na uandike hali ya lishe.

Mengi ya majedwali tunayotumia yametokana na watoto wa Ulaya na Marekani. Kusini mwa Jangwa la Sahara kazi ya aina hii ni chache. Ya Harare, Zimbabwe, ilipima watoto wakubwa na vijana. Kila kituo chetu kinachopima watoto wenye afya na kutunza vipimo hivyo vizuri kinajenga kitu ambacho wajukuu zetu watakitumia, na hili nalisema kwa moyo wote.

Jambo la mwisho kwenye Z: kama watoto 95 kati ya 100 wako ndani ya mipaka, basi mmoja kati ya 20 yuko nje akiwa mzima kabisa. Ukimpimia mtoto mmoja vitu kumi na vitano, usishangae kimoja kikitoka 2.1. Uliza kama vingine vinakubaliana nacho.

Mawimbi ya E na A yameungana, au A imeizidi E

E ni damu inayoingia ventrikali ya kushoto yenyewe inapolegea, A ni ile inayosukumwa na atria, chemba iliyo juu yake. Mapigo yakiwa ya kasi hayapati nafasi ya kuachana, yanakuwa mlima mmoja. Dawa ni subira tu: ngoja mtoto atulie au asinzie, ongeza kasi ya kupita kwa picha hadi milimita 100 kwa sekunde, kisha upime pale yalipoachana. Usigawe mlima mmoja kwa kukisia. Andika "yameungana" na usonge mbele.

A kuizidi E kwa mtoto wa siku tatu si ugonjwa. Msuli wake bado mgumu, na atria inafanya kazi kubwa zaidi. Ndani ya miezi michache E hupanda juu. Kwa mtoto wa shule A ikiizidi E bila kasi ya mapigo, kwanza kagua kama kisanduku cha Dopla kimekaa kwenye ncha za vali na si ndani ya atria.

Dopla ya msuli au TAPSE iko chini

Dopla ya msuli hupima kasi ya mwendo wa ukuta wa moyo. Kagua pembe kwanza. Dopla inaona mwendo unaokuja au kwenda kwenye mstari wake tu. Ukikosea nyuzi 20 unapoteza asilimia 6 ya kasi, nyuzi 30 asilimia 13. Geuza mtoto, ubane sekta juu ya ukuta unaoupima peke yake. Kisanduku kiwe kidogo, kikae kwenye pete ya vali na si juu yake.

Pembe ikiwa sawa, kumbuka umri. TAPSE, yaani umbali ambao pete ya vali ya trikaspidi inashuka kuelekea kwenye ncha, ni milimita 9 hivi kwa mtoto mchanga na karibu 25 kwa kijana wa miaka 18. Anayetumia kipimo cha watu wazima, milimita 17, atawaandika wagonjwa watoto wachanga wote wa wodi.

Streini haikubali, au inatoka tofauti kila mara

Streini hufuata vidoa vya msuli na kusema umefupika kwa asilimia ngapi, ndiyo maana ina alama ya kutoa mbele. Kwa watoto wenye afya wastani wa mwelekeo wa urefu wa ventrikali ya kushoto ni karibu na -20. Ukiona -12, fuata hatua hizi.

Fremu kwanza. Kwa watoto fremu kwa sekunde ziwe kama 0.7 hadi 0.9 ya mapigo ya moyo au zaidi: mapigo 90 yanataka 63 hadi 81, mapigo 140 yanataka kati ya 98 na 126. Kuna mtego hapa ambao wengi hawaujui. Mashine nyingi zikihifadhi au kutuma klipu kwenye kompyuta huibana hadi fremu 30. Uliichukua kwenye fremu 90, ukaipima kwenye 30. Tafuta kwenye mipangilio sehemu ya kuhifadhi data ghafi na uichague kabla ya kuanza.

Kisha upana wa mkanda ambao programu huuchora juu ya msuli. Programu huja na unene wa msuli wa mtu mzima. Ukuta wa mtoto mchanga ni milimita chache tu, kwa hiyo mkanda unameza na utando wa nje wa moyo, ambao hausogei, na namba inashuka. Punguza mkanda mpaka ulingane na ukuta. Mwisho tazama kwa macho yako kama mistari inafuata msuli. Programu ikikuwekea alama ya kijani wakati kivuli cha ubavu kimefunika ukuta wa pembeni, iamini picha. Vipande viwili vikikosekana kwenye mwonekano mmoja, acha kuripoti streini kwa mtoto huyo.

Namba ya kampuni moja usiilinganishe na ya kampuni nyingine. Mtoto anayefuatiliwa wakati wa dawa za saratani apimwe kwa mashine na programu ileile, ikiwezekana na mkono uleule.

Simama hapa, mwite bingwa

Kuna mahali ambapo kurudia vipimo ni kumchelewesha mtoto. Midomo au ulimi wa bluu, kupumua kwa kasi na kubonyea mbavu, mtoto mchanga anayetoka jasho akinyonya na kuachia titi kila mara, mtoto aliyezimia akiwa anakimbia: hawa si "watoto wenye afya" tena hata kama fomu inasema hivyo. Mapigo yaliyokwama 220 au zaidi kwa mtoto mchanga, 180 au zaidi kwa mkubwa, yasiyopanda wala kushuka akilia au akitulia, ni hitilafu ya umeme wa moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Weka probu chini, mpe oksijeni akiwa na shida ya kupumua, na apelekwe anakoweza kutibiwa sasa hivi.

Siku hiyohiyo piga simu ukikuta EF chini ya 50 iliyothibitishwa na wawili, maji mengi kuzunguka moyo, ukuta mmoja usiosogea wakati mingine inasogea, au ventrikali ya kushoto iliyotanuka pamoja na vali ya mitrali inayovuja kwa mtoto wa miezi michache. Hili la mwisho linaweza kuwa mshipa wa moyo ulioota mahali pasipo pake, na upasuaji humwokoa mtoto likijulikana mapema. Kwa mtoto yeyote mwenye EF ya chini pima shinikizo la damu mkono wa kulia na mguu, ushike na mapigo ya paja: aota iliyobanwa hujificha hivyo.

Unapopiga simu, iwe Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, hospitali ya kanda au kwa bingwa mnayemtumia, uwe na haya mkononi: umri, uzito na urefu uliopima leo, mapigo wakati wa kipimo, shinikizo la damu, oksijeni, hali ya mtoto alipopimwa, njia uliyotumia kupata EF, jina la jedwali, na klipu zenyewe badala ya picha moja iliyosimama. Kwa mzazi sema kile ulichokiona kwa hakika na hatua inayofuata, ukiwa umekaa, mtoto akiwa tayari amefutwa jeli na amevaa shati lake.